Kelele Nairobi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu afya, wanyama na sheria

Maswali haya ndiyo hurudi kila wapangaji wanapokutana: kwenye kikao cha ploti, kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, mlangoni kwa keateka. Yameanza na ya msingi na kuishia kwa yale yenye utata. Jibu likigusa jambo lililoelezwa mahali pengine, utaelekezwa huko.

## Misingi

Sauti huwa uchafuzi wakati gani?

Inapomharibia mtu au kiumbe mwingine usingizi, kazi, afya au mawasiliano. Si lazima iumize sikio. Muziki wa mbali saa 8 usiku hauwezi kumfanya mtu kiziwi, lakini unaweza kumnyima usingizi wiki nzima.

Kanuni za Kenya za kudhibiti kelele na mitetemo, zilizotolewa mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira, zinakataza kelele kubwa, isiyo ya lazima au isiyo ya kawaida inayosumbua au kuhatarisha starehe, mapumziko, afya au usalama wa wengine. Katika kuamua, huangaliwa ni saa ngapi, ni karibu kiasi gani na makazi, kama inajirudia, kama imekuzwa kwa mitambo, na kama mwenye kelele angeweza kuipunguza bila taabu wala gharama kubwa. Hilo la mwisho lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Kugeuza spika iangalie ndani hakugharimu hata shilingi.

Utamu wa wimbo hauhusiki. Hata wimbo unaoupenda, ukipigwa chini ya dirisha lako saa 9 usiku, ni kelele.

Desibeli ni nini? Kwa nini 80 si mara mbili ya 40?

Desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti, lakini hakipandi kama kilo au mita. Kila ikiongezeka 10, nishati ya sauti huwa mara 10, na sikio huisikia kama imekuwa kubwa takriban maradufu. Kwa hiyo desibeli 80 zina nishati mara 10,000 kuliko 40, na sikio huzisikia kama mara 16.

Ndiyo maana mwenye baa akisema "nimezidisha desibeli 10 tu", hiyo "tu" si ndogo. Mazungumzo ya kawaida kati ya watu wawili huwa karibu desibeli 60. Spika mbili zinazolingana zikiwashwa pamoja huongeza desibeli 3 juu ya moja. Nawe ukisogea mbali na spika moja iliyo nje mahali pa wazi, kila umbali unapokuwa mara mbili hupungua desibeli 6 hivi. Barabara ndefu hupungua 3 tu, kwa kuwa sauti yake inatoka kwenye mstari mzima.

Kelele ya Nairobi inatoka wapi hasa?

Malalamiko mengi ni ya baa na makanisa, na yana haki yake. Lakini kwa maoni yangu mzigo mkubwa zaidi ni barabara, kwa sababu hailali. Thika Road, Mombasa Road, Waiyaki Way, Outering: aliye na dirisha linaloangalia huko anapokea mngurumo mchana na usiku. Tangu mwaka 2022 kuna pia Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, na mahali pengi magari yake hupita juu ya nguzo, usawa wa madirisha ya ghorofa.

Kisha kuna honi na spika za nganya (matatu za mapambo na muziki mkubwa), wapiga debe wa Tom Mboya Street, maduka ya Luthuli yanayojaribu spika mlangoni, nyundo za jua kali Kamukunji, ujenzi wa Kilimani na Kileleshwa, ndege za uwanja wa JKIA juu ya Embakasi na za Wilson juu ya Lang'ata, jenereta stima ikipotea, na pikipiki zilizotolewa sailensa. Hiyo ya sailensa inaniuma kipekee. Kijana mmoja akipita saa 7 usiku anaamsha mtaa mzima, naye hapati faida yoyote.

## Mwili wa binadamu

Mimi nimezoea. Bado inanidhuru?

Ndiyo. Hili ndilo swali muhimu kuliko yote hapa, kwa sababu neno "nimezoea" ndilo linalofanya watu wanyamaze miaka kumi.

Kinachozoea ni akili yako ya mchana. Unaacha kuamka kabisa lori linapopita, na asubuhi hukumbuki chochote. Lakini sikio halina kifuniko: ukiwa usingizini linaendelea kupeleka sauti kwenye ubongo, nao unajibu kama kuna hatari. Mapigo ya moyo hupanda, mishipa hubana, adrenalini na kotisoli huingia kwenye damu, na usingizi mzito hukatika ukarudi kuwa mwepesi. Watafiti waliopima watu wakiwa wamelala wameona kwamba moyo huendelea kushtuka hata kwa wanaoishi kando ya barabara miaka mingi na kusema hawasikii kitu.

Mambo hayo yakirudiwa usiku baada ya usiku yanahusishwa na presha na ugonjwa wa moyo. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa nchi za Ulaya likipendekeza kelele ya magari isizidi desibeli 53 kwa wastani wa siku nzima na 45 usiku, na mwili wa mtu wa Umoja au Kasarani hauna tofauti na ule wa Ulaya. Kama una presha isiyoshuka, nawe unalala kando ya barabara kuu, mwambie daktari. Wengi huulizwa kuhusu chumvi, hawaulizwi wanalala wapi.

Masikio yenyewe huharibika vipi?

Ndani ya sikio kuna chembe ndogo zenye vinyweleo, takriban 15,000 kila upande, zinazogeuza mtetemo kuwa ishara ya neva. Sauti kubwa huzichosha. Ikiwa kubwa sana au ya muda mrefu huziua. Kwa binadamu zikifa hazioti tena. Ndege hukuza mpya. Sisi hatukupewa.

Usikivu huanza kupotea kwenye sauti nyembamba. Unasikia kwamba mtu anasema, lakini hushiki maneno, hasa mahali penye watu wengi. Wengi hudhani wenzao wameanza kunong'ona.

Nikitoka klabu masikio yanalia "niii". Ni hatari?

Ni onyo. Mlio huo na ule uzito wa masikio kwa kawaida hupungua baada ya saa kadhaa au siku moja hivi, lakini kupona huko hakumaanishi hakuna kilichoharibika. Mwongozo unaotumika Marekani kwa wafanyakazi unaruhusu saa 8 kwa siku kwenye desibeli 85, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Ukifika desibeli 100, kiwango cha kawaida karibu na spika za klabu, umebaki na dakika 15.

Simama mbali na spika, toka nje kupumzisha masikio, tumia vizibo vya povu. Mlio ukidumu zaidi ya siku mbili, au usikivu ukipotea ghafla upande mmoja, nenda haraka kwa daktari wa masikio, pua na koo. Usikivu uliopotea ghafla ni dharura, na siku za kwanza ndizo zenye nafasi nzuri ya tiba.

Na spika ndogo za kuweka masikioni (earphones) ninaposafiri?

Shirika la Afya Duniani linasema usizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, au 90 kwa saa 4 tu kwa wiki. Tatizo letu liko ndani ya matatu: gari lina muziki, kwa hiyo unapandisha wako uushinde. Zikiwa zinaziba sikio vizuri hutahitaji kupandisha sana.

Watoto wanaathirika tofauti?

Ndiyo, kwa sababu bado wanajifunza kutenganisha maneno. Mtu mzima akikosa silabi huijaza kwa kukisia. Mtoto wa Gredi ya 2 hawezi.

Mwaka 1975 watafiti walichunguza shule moja ya New York iliyokuwa kando ya reli ya juu. Watoto wa darasa la sita waliokaa upande wa reli walikuwa nyuma karibu mwaka mzima katika kusoma wakilinganishwa na wenzao wa upande wa utulivu. Kisha reli ikawekewa mpira na madarasa yakatiwa dari ya kunyonya sauti. Walipopimwa tena, tofauti ilikuwa imeondoka. Munich nako, uwanja wa zamani wa ndege ulipofungwa mwaka 1992, kumbukumbu na usomaji wa watoto wa pale uliimarika, huku ule wa watoto waliokuwa karibu na uwanja mpya ukishuka.

Nawaomba walimu na wazazi wenye shule za mabati kando ya barabara zetu wasikate tamaa. Hatua ya kwanza ni kuhamishia madarasa ya wadogo upande wa nyuma, na stoo na ofisi zikae barabarani. Ukimshuku mtoto hasikii vizuri, taasisi ya elimu maalum ya KISE kule Kasarani hupima usikivu.

Nafanya kazi ya kufua mabati au kwenye kiwanda. Nina haki gani?

Kanuni za kelele kazini za mwaka 2005 zinakataza mfanyakazi kukaa kwenye kelele inayozidi desibeli 90 kwa saa 8, au kilele cha 140 wakati wowote. Mwajiri anapaswa kupima kelele, kuipunguza kwenye chanzo, kutoa vikinga masikio na kugharamia vipimo vya usikivu. Uziwi unaotokana na kazi unaweza kulipwa fidia chini ya sheria ya mwaka 2007 ya fidia kwa wafanyakazi.

Fundi wa jua kali hana mwajiri wa kumdai. Kwake dawa ni vikinga masikio vya kufunika, si pamba (pamba huzuia kidogo sana), kuweka gunia au mpira chini ya bati linalopigwa, na kupokezana zamu ya nyundo.

## Ndege na wanyama

Ndege wa mjini si wamezoea?

Waliobaki wamejibadilisha, na walioshindwa wameondoka. Mngurumo wa magari ni sauti nene, hivyo hufunika sehemu nene ya wimbo wa ndege. Mwaka 2003 watafiti wa Leiden, Uholanzi, waligundua kwamba ndege wa aina moja huimba kwa sauti nyembamba zaidi penye kelele. Sheffield, Uingereza, mwaka 2007, ilionekana kwamba ndege waitwao robin wanaoimba usiku walikuwa mahali penye kelele nyingi mchana. Na Idaho, Marekani, watafiti walitundika spika msituni zikapiga sauti ya magari mahali pasipo na barabara. Ndege wakapungua kwa zaidi ya robo. Hakukuwa na moshi, lami wala gari hata moja.

Wimbo ni kazi kwa ndege: humwita mwenzi, hulinda eneo, huonya kuhusu kipanga. Kurumbiza wa bustani zetu huimba kabla ya jua kuchomoza, saa ileile ambayo matatu za kwanza huanza kupiga honi. Kwarara, yule ndege mkubwa mwenye mdomo mrefu uliopinda, bado anasikika juu ya honi kwa sababu ana koo la tarumbeta. Wadogo hawana.

Vipi Mbuga ya Taifa ya Nairobi?

Mbuga hii ilianzishwa mwaka 1946, ina kilomita za mraba 117, na imezungukwa na vyanzo vya kelele pande nyingi: Uwanja wa Wilson, Lang'ata Road, Southern Bypass, Mombasa Road, na tangu mwaka 2019 reli ya kisasa ya SGR inayopita juu ya daraja katikati yake.

Watu huona twiga akila chini ya daraja wakasema hajali. Kula kwake hakuthibitishi hilo. Kifaru ana macho hafifu na hutegemea masikio na pua. Mbuga hii ni kimbilio muhimu la faru weusi. Simba huwasiliana kwa ngurumo zinazofika hadi kilomita 8 usiku ukiwa mtulivu. Swala anayelisha huinua kichwa kila mara kusikiliza, na kelele ikimzibia masikio lazima ainue zaidi, kwa hiyo anakula kidogo. Madhara ya namna hii hayaachi mzoga wa kupiga picha, na ndiyo sababu ni rahisi kuyapuuza.

Viumbe wa usiku je?

Wao ndio wanaoumia zaidi, kwa kuwa gizani sikio ndilo jicho. Bundi hupata panya kwa kusikia nyayo zake. Majaribio ya Ujerumani yalionyesha kwamba popo wanaowinda wadudu wanaotembea ardhini huchukua muda mrefu zaidi kupata chakula kelele ya barabara ikiwepo. Chura dume asiposikika hapati jike.

Baadhi ya wakazi wa Karen huuliza kama wanaweza kulalamikia perere, yule mnyama mdogo wa mitini anayepiga ukelele usiku. Hapana. Huyo yuko nyumbani kwake.

Na fataki?

Ni fupi lakini mbaya. Huko Uholanzi rada za hali ya hewa ziliwahi kuonyesha maelfu ya ndege wakiruka gizani fataki za mwaka mpya zilipoanza. Hapa kwetu kila mkesha mbwa hukimbia na kupotea. Mfungie wako ndani mapema, na uwashe redio kwa sauti ya kawaida.

## Sheria na malalamiko

Viwango rasmi ni vipi?

Chini ya kanuni za 2009, mchana ni kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku. Wastani wa mchana usizidi desibeli 40 kwenye maeneo ya utulivu na ya ibada, 45 ndani ya nyumba za makazi, 50 nje ya nyumba hizo, 55 kwenye makazi yaliyochanganyika na biashara na burudani, na 60 kwenye maeneo ya biashara. Usiku, kote huko, ni 35.

Soma tena sentensi ya mwisho. Mwenye klabu anayesema "hapa ni eneo la biashara" hana nafuu ya usiku.

Nianzie wapi?

Anza kwa kuzungumza, mchana, muziki ukiwa umezimwa. Mpe meneja namba yako na umwombe yake. Mambo mengi huishia hapo, hasa ukienda na majirani wawili watatu badala ya kwenda peke yako ukiwa na hasira.

Ikishindikana, anza daftari: tarehe, saa ilipoanza na kuisha, aina ya kelele, nani aliathirika. Kisha nenda serikali ya kaunti, idara ya mazingira, kwa sababu Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti jukumu la kudhibiti kelele. Usiku wenyewe ripoti kituo cha polisi na uchukue namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi). Hata wasipofika, namba hiyo ni ushahidi kwamba uliripoti. Baada ya hapo kuna NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, na Kamati ya Kitaifa ya Malalamiko ya Mazingira inayochunguza malalamiko ya wananchi. Mwisho ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Milimani.

Mlango mwingine husahauliwa: leseni ya pombe. Baa ikiomba leseni, jirani ana haki ya kupeleka pingamizi. Barua moja yenye saini za ploti tatu hufanya kazi kuliko simu mia.

Je, lazima nithibitishe nimeumia?

Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda mahakamani haki hiyo ikikiukwa, bila kulazimika kuonyesha kwamba mtu fulani amepata hasara au madhara.

Programu ya simu inatosha kupima?

Inatosha kukupa picha, haitoshi kumaliza kesi. Kipaza sauti cha simu hakijasawazishwa, na simu mbili kwenye meza moja zinaweza kutofautiana sana. Itumie kuonyesha mwenendo wa wiki tatu, kisha omba maofisa waje na kipimo chao. Waombe waje saa ya kelele, si saa 4 asubuhi.

Naogopa kujulikana.

Hofu hiyo ina msingi, hasa mwenye baa akiwa ndiye mwenye nyumba. Peleka malalamiko kupitia chama cha wakazi ili jina liwe la chama, au andikeni wengi kwenye barua moja. Usirekodi video ukiwa umesimama mlangoni pa klabu usiku. Rekodi kutoka chumbani kwako, ambako ndiko unakoumia.

## Mambo yenye utata

Kanisa au msikiti si una uhuru wa kuabudu?

Unao, na Kifungu cha 32 kinaulinda. Lakini hakuna imani ninayoijua inayodai spika zielekezwe kwenye kitanda cha jirani mgonjwa. Adhana ni dakika chache. Kesha la Ijumaa lenye kinanda na ngoma kwenye jengo la mabati ni usiku mzima, na mambo yanayoangaliwa (tazama swali la kwanza) ni pamoja na muda na marudio. Nenda kwa mchungaji au imamu kwa heshima, ukimwomba spika za nje zizimwe baada ya saa 2 usiku. Wengi wao huwa hawajui sauti inafika wapi.

Maofisa walipima wakasema iko sawa, lakini besi inatikisa kitanda changu.

Kipimo cha kawaida hupunguza uzito wa sauti nene, kikiiga jinsi sikio linavyosikia sauti ndogo. Besi hupita kuta kirahisi huku sauti nyembamba zikibaki nje, kwa hiyo chumbani hubaki "dum, dum" isiyoonekana vizuri kwenye kipimo. Omba maofisa wapime pia kwa mizani ya C, ambayo haipuuzi besi, na wapime ndani ya chumba, madirisha yamefungwa. Kumbusha pia kwamba kanuni zinahusu mitetemo, si kelele pekee.

Trei za mayai ukutani husaidia?

Hapana. Huzuia mwangwi kidogo ndani ya chumba, hazizuii sauti kuingia wala kutoka, tena hushika moto haraka. Kinachozuia sauti ni uzito na kuziba nyufa: dirisha la vioo vya kupachika linavuja hata likifungwa, la kioo kizima chenye mpira hufanya vizuri zaidi. Kabati zito la nguo kwenye ukuta wa barabarani nalo husaidia.

Tupande miti?

Pandeni, kwa kivuli, hewa na ndege. Kwa kelele, ua mwembamba hauzuii karibu chochote. Ukuta mzito unaokata mstari kati ya dirisha na barabara hufanya kazi zaidi, lakini aliye ghorofa ya tano ataiona barabara juu yake.

Wanamwaga slabu usiku. Inaruhusiwa?

Kwa ujenzi, mchana huisha saa 12 jioni. Karibu na makazi kikomo ni desibeli 60 mchana na 35 usiku, na hakuna mashine ya zege inayofanya kazi kwa 35. Angalia bango la ujenzi, andika jina la mkandarasi na namba ya leseni ya NEMA, kisha fuata hatua za swali la kuanzia wapi.

Nilihamia nikaikuta baa tayari ipo. Nina haki ya kulalamika?

Unayo. Kutangulia hakumpi mtu ruhusa ya kuzidisha kiwango, na haki ya Kifungu cha 42 haikuandikwa kwa wenyeji wa kwanza tu. Ila ukitafuta nyumba, itembelee Ijumaa saa 5 usiku kabla ya kulipa diposi, na umuulize mpangaji anayeondoka, si ajenti.